MSUMENO WA MKONO WA CHUMA: NAMNA YA KUUTUNZA UPATE KUKATA SAWASAWA

Seremala atengenezaye fremu ya dirisha kwa kuunganisha pembe zake kwa mshazari hukata vipande vinne, na kila kipande hukatwa ncha zake mbili. Jumla yake ni mikato minane. Ikiwa kila mkato umepotoka kwa robo ya digrii tu, hakuna jicho liwezalo kuona kosa hilo katika kipande kimoja. Lakini afikapo pembe ya nne makosa yote manane hukutana mahali pamoja, na hapo huonekana ufa wa digrii mbili ambao hauzibiki kwa gundi wala kwa misumari. Mara nyingi fundi huyo huzilaumu mbao, akisema ni mbichi au zimepindika. Pengine ni kweli. Lakini pengine mbao hazina kosa lo lote, na kosa liko katika mashini iliyozikata.

Mashini moja ambayo hulaumiwa sana kwa jambo hili ni ule msumeno wa duara uning'iniao chini ya mkono wa chuma. Katika msumeno wa meza ambao maseremala wengi wa Kenya wanaujua, msumeno hukaa mahali pamoja na ubao husukumwa kuuendea. Katika mashini hii ni kinyume: ubao hutulia juu ya meza, na msumeno wenyewe huvutwa juu yake. Aliyeitunga ni Mmarekani, Raymond DeWalt, mwaka 1922, katika jimbo la New Jersey. Mwaka 1924 ilianzishwa kampuni ya kuitengeneza huko Leola, Pennsylvania, na hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa mwaka 1925. Kwa miaka mingi wajenzi wa nyumba za mbao huko Marekani waliitegemea sana, kwa kuwa mtu mmoja aliweza kukata kwa siku moja kazi ya watu kadhaa wenye misumeno ya mikono. Baadaye ilikuja misumeno midogo ya kuchukulika, nayo ikaanza kuisukuma kando. Lakini mashini za zamani ni za chuma kizito, hazifi upesi, na mafundi wangali wakizinunua kuukuu na kuzifufua.

Yafaa kwanza kuzijua sehemu zake. Nyuma ya meza imesimama nguzo ya chuma. Juu ya nguzo umefungwa mkono, ambao waweza kupandishwa na kushushwa, na kuzungushwa kushoto na kulia. Chini ya mkono kuna njia mbili kama reli, na katika njia hizo hutembea kigari chenye beringi nne. Kigari hushika uma wa chuma, na katikati ya uma imefungwa mota, ambayo mhimili wake ndio uliobeba bapa la msumeno. Juu ya meza, upande wa nguzo, umesimamishwa ubao mwembamba ambao kazi hukingamishwa juu yake: huo ndio kizuio.

Kila sehemu hiyo huweza kugeuka, na ndiyo sifa ya mashini hii, maana mashini moja hukata kwa kukingama, hukata mshazari, hulaza bapa, na hupasua ubao kwa urefu. Lakini kila mahali pawezapo kugeuka ni mahali pawezapo kulegea pia. Mtu anunuaye mashini hii kwa sababu ya kazi zake nyingi hana budi kukubali kwamba ataipima mara nyingi kuliko msumeno wa meza. Asiyetaka kazi hiyo ya kupima, afadhali asiinunue.

Kabla ya kupima

Jambo la kwanza ni kuuchomoa waya wa umeme ukutani. Haitoshi kuzima swichi, kwa sababu katika kazi hii vidole vitashika meno ya bapa mara kwa mara, na swichi huweza kuguswa na kiwiko, au na mtoto aliyeingia karakana kutazama.

Kisha mashini isafishwe. Unga wa mbao, hasa wa miti yenye utomvu kama saipresi, hugandamana katika njia za kigari ukawa mgumu kama lami, na kigari kikipita juu yake huruka kidogo. Kitambaa chenye mafuta ya taa kiasi chatosha kuuondoa, kisha njia zikaushwe kabisa. Wengi hukosea hapa: wakiisha kusafisha hupaka grisi ili kigari kiteleze. Grisi hushika vumbi, na baada ya wiki moja njia huwa mbaya kuliko mwanzo. Njia za kigari ziachwe kavu. Nguzo nayo ifutwe vizuri, hasa karibu na bahari, ambako hewa yenye chumvi hula chuma upesi.

Baada ya hapo fundi ashike ncha ya mkono na kuusukuma kushoto na kulia hali umefungwa. Usitikisike. Ukitikisika, atafute ulegevu uko wapi: chini ya nguzo, au pale mkono ushikamanapo na nguzo. Tena ashike mota na kuitikisa. Ikicheza, huenda beringi za kigari zimelegea katika njia zake. Katika mashini nyingi beringi za upande mmoja zimefungwa kwa bolti ambazo katikati yake si katikati hasa, hata bolti ikizungushwa kidogo beringi husogea karibu na njia. Zikazwe mpaka ulegevu uishe, lakini kigari kiwe bado chatembea bila kusukumwa kwa nguvu. Ni kazi bure kupima mashini ambayo ingali inacheza. Leo itaonekana imenyoka, na kesho itakuwa imekwenda upande mwingine.

Guni nayo ichunguzwe, maana guni nyingi zilizomo katika masanduku ya mafundi zimekwisha kuanguka sakafuni. Achukue ubao wenye ukingo ulionyoka, aweke guni kwenye ukingo huo, apige mstari kwa penseli iliyochongwa. Kisha aigeuze guni upande wa pili, aisogeze hata penye mstari ule ule, apige mstari tena. Mistari ikiwa mmoja, guni ni ya kweli. Ikiachana, mwachano huo ni mara mbili ya kosa la guni, wala isitumike kunyoshea mashini.

Kunyosha

Utaratibu wa kunyosha hauwezi kubadilishwa upendavyo, kwa sababu kila hatua husimama juu ya ile iliyotangulia. Meza hupimwa kwa mkono, bapa hupimwa kwa meza, na kizuio hupimwa kwa mwendo wa kigari. Fundi aanzaye na bapa, akaisahau meza, atarudi mwanzo.

Basi kwanza ni meza. Bapa huondolewa, na mota hugeuzwa mpaka mhimili wake uelekee chini. Mkono hushushwa polepole mpaka ncha ya mhimili iache nafasi ndogo tu, ambayo kipande cha chuma chembamba, au hata karatasi iliyokunjwa mara moja, hupita kwa kugusa. Hapo urefu wa mkono hauguswi tena. Kigari huvutwa mbele na kurudishwa nyuma. Mkono huzungushwa kushoto, kisha kulia. Na kila mahali karatasi ile ile hupitishwa. Ikibanwa, meza iko juu. Ikipita bila kugusa, meza iko chini. Skrubu au reli za chini ya meza hulegezwa, meza ikainuliwa au kushushwa, kisha hukazwa na kupimwa tena, kwa kuwa kule kukaza kwenyewe huisogeza. Meza ya plaiwudi hulegea katikati ikiwa nyembamba. Ipate inchi moja ya unene, au itiwe mhimili chini yake. Tena, katika majira ya mvua mbao hunyonya unyevu na kuvimba, kwa hiyo meza iliyokuwa sawa mwezi wa Februari si ajabu ikawa na kilima mwezi wa Mei.

Pili, bapa hurudishwa na kusimamishwa wima. Guni huwekwa juu ya meza, na upande wake mmoja hulazwa kwenye bapa. Uangalifu watakiwa hapa: guni iguse chuma cha bapa katikati ya meno, isiguse meno yenyewe, kwa sababu meno yamepanuliwa nje kushoto na kulia, nayo yatadanganya. Mwanga ukipita kati ya guni na bapa, skrubu za nyuma ya uma hulegezwa na mota huinamishwa kidogo kidogo.

Tatu ni jambo ambalo watu wengi hudhani ndilo jambo zima: mkono ukatize kizuio kwa digrii 90 kamili. Kosa la nusu ya digrii katika ubao wa upana wa futi moja huleta tofauti ya kadiri ya sehemu ya kumi ya inchi, na hiyo yatosha kuharibu rafu au droo. Guni kubwa hulazwa mezani, upande mmoja ukiwa umekazwa kwenye kizuio. Fundi huchagua jino moja na kulitia alama ya chaki, hulisogeza liguse upande wa pili wa guni, kisha hukivuta kigari polepole. Jino liifuate guni mwanzo hadi mwisho kwa mguso ule ule. Likiachana nayo au likiipanda, mkono hurekebishwa kwa skrubu zilizoko penye nguzo. Kila kiwanda kina namna yake ya skrubu hizo, na hapo kitabu cha mashini chafaa kufunguliwa.

Lakini guni haimalizi neno. Ubao ndio hakimu. Utwaliwe ubao mpana, wa kadiri ya futi moja, ambao kingo zake mbili zimepigwa randa zikawa sambamba. Ukatwe katikati. Kisha kipande kimoja kipinduliwe, uso wake wa juu uwe chini, na ukingo uliokuwa mbele sasa ukae kwenye kizuio. Ncha mbili zilizokatwa zikutanishwe. Zikikutana bila mwanga kupita, kazi imekwisha. Ukionekana ufa upande wa mbele au wa nyuma, ufa huo ni kosa lililozidishwa mara mbili, na ndiyo sababu jaribio hili hushinda kila kipimo kingine: huonyesha hata lile ambalo jicho lingelikosa.

Kisigino

Nne ni kosa lililofichika, na mafundi wazoefu huliita kisigino. Bapa laweza kuwa wima kabisa, na mkono ukawa na digrii 90 kamili, na bado mkato ukawa mbaya. Huwa hivyo bapa lisipoelekea kule kule kigari kiendako. Mfano wake ni mtu atembeaye huku mguu wake umegeuzwa upande: mwendo ni wa mbele, lakini kisigino huburuta. Meno ya mbele hukata njia, na meno ya nyuma, badala ya kupita katika njia ile ile, huikwangua kando.

Dalili zake zaonekana. Mkato huwa mpana kuliko meno yenyewe. Uso uliokatwa huwa na mikwaruzo ya nusu duara. Katika mbao ngumu kama mvule hutokea weusi wa kuungua. Na ukingo wa upande mmoja wa mkato huchanika nyuzi, hali ule wa upande wa pili ni safi. Fundi asiyejua hununua bapa jipya, akafurahi siku mbili tatu, kisha dalili zikarudi zile zile.

Kulipima si vigumu. Kipande cha ubao chenye kijiti hubanwa kwa jiliwa juu ya meza, na kijiti husogezwa mpaka kiguse jino moja lenye alama, likiwa mbele ya bapa karibu na meza. Kisha kigari huvutwa mbele, na bapa huzungushwa kwa mkono mpaka jino lile lile liwe nyuma, mahali pa kijiti. Liguse vile vile. Lazima liwe jino lile lile, maana meno hayalingani kamwe. Mguso ukiwa mbalimbali, uma hulegezwa na kugeuzwa kidogo. Kwa mtu apasuaye mbao kwa urefu kipimo hiki hurudiwa hali mota imegeuzwa upande, kwa kuwa uma waweza kuwa sawa huku na kupotoka kule.

Bapa na mkono wa mtu

Katika mashini hii meno ya bapa huelekea kuupanda ubao na kulikimbiza bapa kumwelekea mtu anayelivuta. Bapa la msumeno wa meza, ambalo meno yake yameinama sana mbele, likifungwa hapa huwa kama mbwa aliyekatika kamba. Lifaalo ni lile ambalo meno yake yameinama kidogo sana, au yamesimama, au hata yameinama nyuma. Mkono wa fundi usilivute tu. Uwe imara, kiwiko kigumu, ukilizuia huku ukilileta. Mkono wa pili ushikao ubao uwe mbali na njia ya bapa, isipungue inchi sita, wala mikono isipishane. Mkato ukiisha, kigari hurudishwa nyuma ya kizuio kabla ya ubao kuguswa. Kanuni za usalama wa kazi za Marekani hutaka mashini isimamishwe mbele ikiwa juu kidogo kuliko nyuma, ili kigari kikiachiliwa kirudi chenyewe taratibu. Vijiti viwili vya ubao chini ya miguu ya mbele vyatosha kwa jambo hilo.

Kupasua kwa urefu ndiyo kazi ya hatari kuliko zote. Hapo bapa halitembei, ubao ndio husukumwa. Ni lazima usukumwe kukabili mzunguko wa meno. Ukisukumwa upande wa pili, meno huunyakua na kuurusha kama mkuki, pengine pamoja na mkono ulioushika. Kanuni zile zile hutaka kifuniko cha bapa kionyeshe waziwazi msumeno wazunguka upande gani, na nyuma ya kifuniko kibandikwe onyo la kudumu kwamba ubao usipasuliwe kutokea upande huo. Katika mashini kuukuu onyo hilo huwa limefutika; fundi alipake upya kwa rangi nyekundu, na ayatazame yale makucha ya chuma yazuiayo ubao usirudi, kama bado ni makali na yagusa ubao.

Jambo la vifuniko si dogo. Mwaka 2000 huko Marekani ilitangazwa habari ya misumeno ya namna hii ipatayo milioni 3.7, iliyouzwa kwa jina la Craftsman tangu 1958 hata 1992, kwamba vifuniko vyake havikulifunika bapa lote, na watu walikuwa wameumia. Wenye nyingi katika hizo walipelekewa vifuniko vipya bure. Mtu anunuaye mashini kuukuu kutoka nchi hiyo atazame jambo hilo kabla ya kutoa fedha.

Atazame na umeme. Mashini nyingi za Marekani zilitengenezwa kwa volti 120 na mizunguko 60 kwa sekunde. Umeme wa Kenya ni volti 240 na mizunguko 50. Transfoma hurekebisha volti, haibadili mizunguko. Mota iliyoandikwa kwamba huzunguka mara 3,450 kwa dakika huko kwao, hapa itazunguka kadiri ya mara 2,875, na ikipewa volti zake zote itapata moto zaidi kuliko ilivyokusudiwa. Hukata, lakini isisukumwe upesi, na ipumzishwe ikiwa haishikiki kwa joto.

Mwisho ni ubao wa kufunika meza. Bapa huingia ndani ya meza kidogo katika kila mkato, nayo isiharibiwe. Plaiwudi nyembamba hupigiliwa juu yake kwa misumari midogo, mbali na njia ya bapa, na mkato uingie ndani kiasi cha sehemu ya kumi na sita ya inchi tu. Kizuio nacho kichongwe ukingo wake wa chini, kiache mfereji mdogo wa kupokea unga wa mbao, kwani punje moja ya unga kati ya ubao na kizuio huharibu kipimo kilichochukua nusu ya siku. Plaiwudi ikiisha kujaa mifereji hung'olewa ikatiwa nyingine, na kila itiwapo mpya lile jaribio la kupindua ubao hufanywa tena kabla ya kazi ya mteja kuwekwa mezani.